Watoto wa Upande wa Kulia

Mwalimu wa darasa la nne hakupiga kelele. Angepiga kelele, ningejua pa kujificha. Aliingia studio saa tatu asubuhi, akafungua bahasha, akatoa picha kubwa ya darasa lake na kuilaza juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mgonjwa mbele ya daktari.

"Naomba mnisaidie," alisema. "Hawa wa kushoto ni wanafunzi wangu. Hawa wa katikati ni wangu pia. Hawa wa kulia sijui mmewafanya nini."

Tuliinama watatu: mimi, mchapaji wetu tunayemwita Wino, na mwenye studio. Watoto arobaini na wawili, mistari mitatu, mwalimu wao amesimama nyuma. Kuanzia katikati kwenda kulia nyuso zilianza kuiva, na kufika mwisho wa mstari watoto walikuwa wekundu mashavuni, wekundu masikioni, wekundu hadi kwenye kola za mashati meupe. Ungedhani wamezabwa makofi kisha wakaambiwa wachangamke.

"Huyu, mama yake kaniuliza kama ana homa," mwalimu alisema, kidole kikiwa juu ya msichana wa mstari wa mbele. "Na huyu, baba yake kaja shuleni kuuliza nani kampiga. Ilibidi nimwite mtoto mwenyewe aje aonekane."

Wino alifungua mdomo. Mwenye studio akamtazama, Wino akaufunga.

Mwenye studio ni mama mmoja tunayemwita Tabasamu. Kwa miaka mingi amesimama nyuma ya kamera akiwaambia watu neno hilo moja, watoto wachanga, maharusi, wazee wa pasipoti, wote, na mimi katika miaka yangu miwili pale sikuwahi kumwona akilitenda yeye mwenyewe. Aliichukua ile picha, akaitazama kwa karibu, akaitazama kwa mbali.

"Tutazichapa upya zote," akamwambia mwalimu. "Jumatatu utazikuta tayari."

Mwalimu alishukuru kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwashukuru mafundi wengi, akatoka. Ndipo Tabasamu aliponigeukia.

"Ni wewe au ni mashine?"

Mashine ilikuwa laptop mpya, na siku hiyo ya Jumanne ilikuwa inatimiza siku ya kumi na moja tangu iingie studio. Ya zamani ilikuwa kompyuta kubwa ya mezani iliyokuwa ikinguruma kama jokofu bovu. Tabasamu alipoamua kununua nyingine hakutaka ya kubahatisha. Aliambiwa kuna laptop ambazo skrini zake zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa picha, ghali kupita kiasi, akatafuta moja hadi akaipata. Aliibeba mapajani njia nzima kutoka dukani. Wino alipotaka kumpokea mlangoni, aliambiwa akanawe mikono kwanza. Boksi lake liliwekwa juu ya kabati, na sponji zake na nailoni zake, kwa sababu duka lilisema: ukiona kasoro yoyote ndani ya siku kumi na nne, rudisha na boksi.

Niliyepewa kukaa mbele yake ni mimi. Nilikuwa wa kaunta: nasimama, naandika majina, napanga foleni ya pasipoti, natoka saa moja jioni. Lakini nilikuwa nimesoma masomo ya jioni mwaka mmoja na nusu, kurekebisha picha kwa kompyuta, miezi ya mwisho tumbo likigusa meza, na nilipopata cheti changu nilikileta nikakiweka mahali Tabasamu angekiona bila mimi kumwonyesha. Alikiona. Dada aliyekuwa akirekebisha picha alipohama mji, Tabasamu akaniambia, "Kaa hapo hadi mwisho wa mwezi. Picha zikiisha unarudi kaunta, na saa za kutoka ni zilezile. Nikiona unafaa, kiti ni chako na unatoka saa kumi kama yeye."

Saa kumi. Yeye hakujua alichokitamka. Mwanangu, tunayemwita Kibonge kwa sababu ya mapaja yake, alikuwa na miezi kumi na moja. Nilikuwa namwacha amelala na kumkuta amelala, na wa kumlea mchana ni mama mkwe wangu. Nilikuwa naujua uzito wake kuliko ninavyoijua sauti yake. Mtu anayetoka saa kumi anafika kwake jua lipo. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka.

"Sijui, bosi," nilimjibu.

"Basi ujue. Siku za duka zinaisha Ijumaa. Kabla ya Alhamisi uwe na jibu. Ikiwa ni mashine, tunairudisha. Ikiwa ni macho yako, wewe unarudi kaunta na mashine inabaki. Utakavyosema ndivyo nitakavyofanya, sitamwuliza mtu mwingine."

Akaenda kumpiga picha bwana mmoja aliyekuwa anasubiri na tai mkononi. Mimi nikabaki nimefanywa hakimu wa kesi yangu mwenyewe, na usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimepata usingizi wa saa tatu, kwa vipande. Kibonge alikuwa anaota meno.

Kipimo cha kwanza kila mtu wa picha anakijua. Unafungua ukurasa mtupu wa kijivu, unaujaza skrini yote, unatazama. Kijivu ni rangi isiyo na upande, kwa hiyo skrini ikiwa na upendeleo itajulikana. Niliufungua. Kushoto niliona kijivu chenye joto, kama kimechanganywa na tone la waridi. Kulia niliona kijivu kilichopoa, kinachoelekea kijani, kama maji yaliyokaa kwenye ndoo. Nikafikicha macho. Kijani kikaondoka. Nikatazama mlangoni, nikarudi. Kijani kikarudi nacho.

"Wino, njoo uone."

Akaja, vidole vyake vina rangi zote nne za printa.

"Naona kijivu."

"Kushoto?"

"Kijivu."

"Kulia?"

"Kijivu mwenzake."

"Huoni kijani kwa mbali?"

"Mama Kibonge, hata mimi ukinitazama kwa muda huo utaniona nina kijani kwa mbali."

Lakini Wino ni mtu wa watu. Alipoona sicheki, alianza kuwaleta wateja mmoja mmoja. Akaja mzee wa pasipoti.

"Mzee wangu, hebu tusaidie. Upande gani hapa unaonekana mchafu?"

Mzee akasogea, akagusa katikati. "Hapa."

"Hiyo ni alama ya kidole chako, mzee. Umeiweka sasa hivi."

"Ndiyo. Si umeuliza pachafu?"

Akaja binti mwanafunzi, akainamisha kichwa huku na huku. "Kulia kuna ukijani," alisema, nami moyo ukaruka. "Au kushoto ndiko kuna uwaridi. Mlitaka niseme upi?"

Nilimshukuru. Hilo ndilo tatizo la kuhukumu rangi: jicho ni kiumbe cha adabu mno, linazoea kila linachokuta. Sekunde ya kwanza linakuambia ukweli, sekunde ya kumi limeshakubali. Na jicho lililochoka linakubali haraka zaidi. Siku nzima nilikuwa natoka kizingitini, natazama barabara, pikipiki, mwavuli wa muuza vocha, narudi ndani kwa ajili ya ile sekunde moja. Baada ya mara ya ishirini sikujua tena kama ninaona au ninakumbuka. Nilishuku pia mwanga. Upande wa kulia wa meza kuna dirisha, na ng'ambo ya barabara kuna ukuta wa kijani wa duka la mbegu. Nikafunga pazia. Nikaondoa na kile kitambaa cha kijani cha kupigia picha kilichokuwa kimeanikwa kwenye kiti. Bado.

Usiku nilipokuwa nambembeleza Kibonge nilimkumbuka mwalimu wetu wa masomo ya jioni, mtu aliyekuwa akifundisha huku anapiga miayo sawa na sisi wanafunzi wake. Alikuwa akisema, ukishuku kitu, geuza kitu kimoja tu. Ukigeuza viwili umejichanganya mwenyewe.

Jumatano asubuhi nilichukua karatasi nene nyeusi, ile ya kuwekea picha kwenye fremu, nikaikata ukubwa wa skrini, nikatoboa matundu mawili sawasawa, moja kushoto na moja kulia. Nikaiegesha juu ya kile kijivu. Sasa palibaki vipande viwili tu vya rangi kwenye giza, kama vifungo viwili vya shati. Kimoja waridi, kimoja kijani. Hapo sikuhitaji hata sekunde moja. Kisha nikageuza kitu kimoja: nikaipindua laptop kichwa chini miguu juu, imesimama mezani kama hema, karatasi na chumba na dirisha na mimi mwenyewe tukabaki tulivyo.

Kijani kikahamia kushoto.

Sikuruka. Nilikaa sakafuni. Ingekuwa ni macho yangu, au dirisha, kijani kingebaki kulia. Kilikwenda na skrini. Kumbe sikuwa nimechanganyikiwa.

Mlango ukafunguliwa. Tabasamu alitazama mashine yake iliyosimama kwa kichwa, akanitazama mimi niliyekaa chini.

"Unafanya nini na laptop yangu?"

"Naiuliza swali, bosi."

"Imejibu?"

Nilimwonyesha. Alichuchumaa, akachungulia kwenye matundu, akaniambia niigeuze, nikaigeuza, akachungulia tena. Yeye ameishi na rangi tangu kabla mimi sijazaliwa. Alipoona, aliona.

"Kwa hiyo ni mashine."

"Skrini ina kasoro, ndiyo. Si kubwa sana."

"Kasoro ni kasoro." Alisimama, akapangusa magoti. "Kesho tunakwenda dukani wote wawili. Na ile picha ya darasa tunaibeba. Ile ndiyo shahidi wetu."

Ningeweza kulala palepale sakafuni kwa furaha. Lakini kulikuwa na picha za mwalimu za kurudia, na mashine mpya ilikuwa inarudishwa kwenye boksi lake, kwa hiyo alasiri nikawasha ile ya zamani inayonguruma na kufungua faili la darasa la nne.

Nieleze kidogo. Mtu anaporekebisha picha haigusi picha yenyewe. Anaweka juu yake tabaka, kama nailoni nyembamba ya rangi iliyolazwa juu ya karatasi. Ukitaka unaizima, picha inarudi ilivyokuwa, ukitaka unaiwasha. Watoto wa kulia walionekana wa kijani kwenye skrini mpya, kwa hiyo nilikuwa nimewawekea tabaka la wekundu ili wafanane na wenzao. Hilo nililikumbuka vizuri. Nililifanya Jumatatu ya wiki iliyopita, saa tisa alasiri.

Kwenye faili kulikuwa na matabaka mawili.

La pili lilikuwa la Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi. Jina lilelile, mahali palepale, wekundu uleule. Nilikaa nikiliangalia kama mtu anayeonyeshwa saini yake kwenye karatasi asiyoijua. Halafu likanijia pole pole. Jumatatu, nilipomaliza, nililizima lile tabaka ili nilinganishe kabla na baada. Sikuliwasha tena. Nikahifadhi, nikarudi kaunta. Usiku ule ndio jino la kwanza la Kibonge lilipokuwa linatoka. Asubuhi nikaja, nikafungua, nikawaona watoto wa kulia bado ni wa kijani, nikawawekea wekundu, sina hata kumbukumbu ya mkono wangu ukifanya hivyo. Na kabla ya kumpa Wino achape, niliwasha matabaka yote, kama tufanyavyo siku zote, nikafunga bila kutazama tena.

Nililizima moja kuona. Watoto wa kulia wakarudi karibu na wenzao. Wamechangamka kidogo, kama waliokuja mbio wasikose picha. Hakuna mama ambaye angeuliza habari za homa kwa rangi ile. Skrini ilikuwa imenidanganya kidogo, na mimi nikauamini uongo wake mara mbili.

Hakuna ambaye angejua. Wino hafungui mafaili. Tabasamu yeye ni wa kamera. Kulifuta tabaka moja ni kubonyeza mara moja tu, na kidole changu kilikuwa pale. Tena si kwamba ningesema uongo. Skrini ni mbovu, nimeithibitisha mbele ya bosi kwa karatasi nyeusi. Sikulifuta. Wala sikusema. Nilizima kompyuta, nikarudi kaunta, nikaandika majina ya watu hadi saa moja.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe anakunja nepi, Kibonge amelala kifudifudi, mdomo wazi.

"Leo kapiga hatua mbili," aliniambia.

"Mbili?"

"Mbili na nusu. Ile nusu kaketi."

"Hukumwambia anisubiri?"

"Nilimwambia, mwanangu. Ndipo kaketi." Akaniwekea chakula mbele yangu. "Kazini je?"

"Skrini ni mbovu kidogo."

"Na wewe?"

"Na mimi kidogo."

"Basi mmepatana," alisema, akaendelea kukunja.

Alhamisi tulifika dukani linapofunguliwa. Muuzaji alikuwa kijana mtanashati, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, anazungumza kama mtu ambaye hajawahi kukosa usingizi. Alisikiliza, akaiwasha laptop, akaitazama kwa kuisogeza na kuirudisha.

"Mama, nikuambie ukweli," alimwambia Tabasamu. "Skrini zote huwa hivi. Hakuna iliyo sawa kona zote nne. Kuna kiwango kinachokubalika, na hii kwa macho yangu imo ndani ya kiwango."

Tabasamu hakubishana. Alifungua bahasha akalaza picha ya darasa la nne juu ya kioo cha kaunta.

"Hiki ndicho kiwango chenu?"

Kijana alivaa miwani. Akaitazama picha, akalitaja jina la Mungu kwa sauti ndogo, akamwita mwenzake. "Njoo uone. Skrini imewafanya watoto wa watu hivi." Yule mwenzake akatikisa kichwa. Kijana akavuta fomu, akaichukua kalamu. "Pole sana, mama. Hii tunaandika. Hii haihitaji hata kupimwa." Akaanza kuandika, akisoma huku anaandika: "Rangi... imeharibika... upande wa kulia... kama inavyoonekana kwenye picha..."

Tabasamu alikuwa amesimama wima. Mimi nilitazama ile kalamu. Nilijiambia ninyamaze, mistari miwili tu imebaki. Nikamfikiria na fundi fulani mahali fulani atakayesoma kuwa skrini imefanya hivi, wakati skrini haikufanya hivi.

"Kaka, samahani," nilisema. "Hiyo picha usiiandike."

Kalamu ikasimama.

"Wekundu huo niliuweka mara mbili. Niliweka mara moja kwa sababu ya skrini, halafu nikasahau, nikaweka tena. Skrini ina makosa yake, lakini hapo kwenye picha yamekuwa mara mbili, na mara ya pili ni yangu."

Kijana alimtazama Tabasamu. Tabasamu alikuwa anatazama picha, si mimi.

"Kwa hiyo skrini ni nzima," kijana alisema.

"Hapana. Itazame yenyewe, acha picha." Nilitoa karatasi nyeusi kwenye mkoba, nikafungua ukurasa wa kijivu, nikaiegesha. Matundu yalikaa mahali pake. "Tazama barabarani kwanza. Sasa tazama hapa. Haraka, kabla macho hayajazoea."

Akatazama. Akatazama tena.

"Sasa nageuza." Nikaipindua.

"Kimehama," alisema yule mwenzake.

Wakaijaribu karatasi yangu kwenye laptop ya maonyesho iliyokuwa pembeni. Pale vifungo viwili vilikuwa karibu sawa. Kijana akakuna kidevu, akairarua ile fomu, akaipeleka laptop yetu nyuma ya duka kwa fundi mwenye kifaa cha kupimia. "Subirini kwenye viti."

Viti vilikuwa vya plastiki, karibu na mlango. Tabasamu alikaa na bahasha mapajani. Feni ilikuwa inazunguka polepole juu yetu. Nilidhani ninafumba macho tu.

Nilipoyafumbua kichwa changu kilikuwa begani kwake.

"Umekoroma," alisema.

"Nisamehe, bosi."

"Dakika thelathini." Hakusogeza bega. "Jana ulijua?"

"Nilijua jana alasiri."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa kaunta."

"Na leo huiogopi?"

"Naiogopa. Lakini nilimwona anaandika."

"Ungesubiri tutoke nje uniambie mimi."

"Angekuwa ameshaandika, bosi."

Alivuta pumzi ndefu, kama mtu anayesubiri mteja aache kufumba macho. Kabla hajanijibu, kijana akaja na boksi jingine lililofungwa.

"Fundi kaipima," alisema. "Kasoro yake imepita kiwango. Si sana, lakini imepita. Tunawapa nyingine. Ila dada huyu aikague hapahapa, nisije nikawaona tena Jumatatu."

Niliikagua. Karatasi, kijivu, barabara, kijivu, kichwa chini. Pande zote mbili zilikuwa ndugu. Kona ya chini kushoto tu palikuwa na njano hafifu, pana kama dole gumba.

"Ni nzuri?" Tabasamu aliuliza.

"Ina njano kidogo hapa konani. Naweza kuishi nayo. Sitaweka uso wa mtu pale."

"Dada," kijana alisema, "siku ukienda kuchagua mume nipe taarifa, nije nijifunze."

"Nilishachagua. Naye ana kona yake."

Tulitoka. Tabasamu alibeba boksi mwenyewe. Tulitembea kipande kirefu cha barabara, yeye mbele, mimi nyuma yake nikitazama visigino vyake na kujiandaa kwa habari ya kaunta. Kwenye kivuko akasimama, magari yakapita.

"Macho yako ni mazima," alisema bila kugeuka. "Wewe ndiye mchovu."

"Ndiyo, bosi."

"Ukichoka, uwe unasema umechoka. Nikikusikia nitakufanya nini? Lakini usiniwekee rangi kwenye uchovu." Magari yakapungua, tukavuka. "Picha za mwalimu utazirudia wewe. Wino atakaa pembeni yako, na kila unapofunga faili atakuuliza nini kimezimwa na nini kimewashwa. Hataelewa unachomjibu, ila atauliza. Na hadi mwisho wa wiki hii, ukimaliza picha unarudi kaunta mpaka saa moja. Hiyo ni ya kuninyamazia jana."

"Na wiki ijayo?"

"Kuanzia Jumatatu ondoka saa kumi. Mtu akikaa kwangu mpaka saa moja halafu halali, anakuja kunipigia watoto wa watu makofi."

Nilitaka kumshukuru, ila yeye alikuwa ameshaanza kumkemea mwenye mkokoteni aliyepita karibu sana na boksi.

Wino alifanya kazi yake kwa uaminifu uliochosha. "Nini kimezimwa?" Hakuna. "Nini kimewashwa?" Tabaka moja la mwanga. "Una hakika, au umeota?" Jumatatu mwalimu alikuja, akazipokea picha, akawatazama watoto mmoja mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, midomo ikicheza kwa kuwahesabu. "Hawa wote ni wangu," alisema. Akaniomba na bahasha za kuzitia.

Saa kumi kamili nilivaa mkoba wangu. Nilikuwa nimeisahau barabara yetu saa hiyo, jinsi wanafunzi wanavyoijaza, jinsi vivuli vinavyoanza kurefuka lakini bado kuna joto kwenye kuta. Nilitembea haraka, halafu nikajiona natembea haraka, nikacheka peke yangu.

Kibonge alikuwa uani, juu ya mkeka, na mfuniko wa sufuria. Mama mkwe alikuwa anaanua nguo. Nilipiga magoti ukingoni mwa mkeka na kufungua mikono.

Aliuangusha mfuniko. Alinitazama, akamtazama bibi yake, kisha akatambaa mbio hadi kwenye khanga ya bibi, akaishika kwa ngumi zote mbili, na kutokea hapo akanikagua kana kwamba nimekuja kusoma mita.

"Ni mama yako, wewe," bibi yake alimwambia.

Hakushawishika.

"Usimvute," mama mkwe aliniambia mimi. "Kakuzoea gizani. Mchana hakujui bado."

Nilivua viatu. Nilikaa kwenye mkeka, miguu nimeinyoosha, mgongo ukutani, nimechoka hadi kwenye vidole. Sikumwita. Mama mkwe aliniwekea mapajani fungu la nguo zilizokauka, zina moto wa jua, nikaanza kuzikunja, shati dogo, soksi isiyo na mwenzake, huku upande wa pili wa mkeka macho mawili yakinifuata kila nilipoinua mkono.

"Mwache amalize kukuangalia," mama mkwe alisema.

Nikamwacha aniangalie. Tulikuwa na muda. Jua lilikuwa bado juu ya kamba ya nguo.